Kicheko cha Kuazima

Wilf, mume wangu, alitazama televisheni kama mkaguzi aliyetumwa kutafuta makosa. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na minne kwenye kibanda cha ishara za treni, na alipostaafu alilileta jicho lile lile sebuleni kwetu. Tamthilia ya mabwana na mabibi wa zamani ikianza, mimi naangalia magauni, yeye anaangalia treni inayoingia stesheni. "Uongo mtupu! Injini hiyo ilikuwa bado haijaundwa!" Basi utamu wote unaniishia.

Kila mwezi aliyaandika maoni yake kwenye kijarida cha kanisa, nusu ukurasa, kwa jina lake kamili, Wilfred Ollerenshaw. Kanisani mwenyewe haendi. Lakini hapa bondeni kwetu, Yorkshire, watu walikuwa wakikifungua kijarida kwa nyuma, wajue kwanza Wilf kamshukia nani, ndipo warudi kwenye ratiba ya ibada. Aliwashukia wapelelezi wanaonong'ona mpaka huelewi nani kamuua nani. Aliwashukia waigizaji wanaokunywa chai kutoka vikombe vitupu. "Kikombe chenye chai kina uzito," aliandika. "Mtu hakipungi hewani kama leso. Watu walioshindwa kuchemsha maji, tuwaamini vipi kwenye mambo ya mauaji?" Ila hasira yake kubwa aliwawekea wale wa vichekesho vyenye kicheko cha kurekodiwa. "Mimi siambiwi wakati wa kucheka," alikuwa akisema. "Kikichekesha nitacheka. Kisipochekesha, hata wacheke watu elfu, mimi nimenuna."

Na alinuna kweli. Mimi vichekesho vile navipenda, hasa vya zamani vya mume mjinga na mama mkwe mkali, vinanivunja mbavu. Yeye alikuwa ananitazama kwa pembeni: "Glenys, kuna mtu anakutekenya?"

Ndiyo maana niliogopa mchana ule wa Februari. Mvua ilikuwa inanyesha, tunatazama marudio ya kichekesho kimoja. Watu wa kurekodiwa wakacheka. Wilf akacheka. Wakanyamaza, akanyamaza. Niliacha kufuma, nikawa namtazama yeye badala ya televisheni. Kila walipocheka naye alicheka, nyuma yao kidogo, kama mtu anayeimba kanisani wimbo asioujua.

Daktari kule mjini Skipton alimpa karatasi, akamwambia achore saa. Wilf, aliyepitisha treni kwa dakika na nusu dakika, alizirundika namba zote upande mmoja. Daktari akatutajia jina la ugonjwa huo wa kusahau, kwa upole. Tukaondoka kwa gari, na tulipofika darajani Wilf akanigeukia.

"Hettie asijue," alisema. Hettie Sugden ndiye mhariri wa kijarida. "Akijua yeye, bonde zima limejua. Watanionea huruma. Mimi sitaki huruma, Glenys. Bora waendelee kunichukia."

"Nani anakuchukia, we mzee?"

"Hakuna? Basi nimekuwa nikiandika vibaya."

Nikamwahidi kwamba hatajua mtu. Kwa miezi mitatu aliandika mwenyewe, mimi nikinyoosha hapa na pale. Mwezi uliofuata alikaa mbele ya karatasi asubuhi nzima, na alichoandika ni jina lake tu, mara nne. Hapo nikaichukua kalamu.

Haikuwa kazi ngumu, na hilo ndilo lililoniuma. Miaka arobaini na mmoja nimemsikiliza akilalamika, kwa hiyo maneno yalikuja yenyewe, pamoja na ukali wake. Nikawa nawasema vibaya watu ninaowapenda. Vuli ile ilionyeshwa tamthilia ya mjane anayeuza shamba la marehemu mumewe. Niliililia mpaka leso ikalowa. Kisha nikaketi nikaandika kwamba mjane yule analia vizuri mno kwa mtu aliyefiwa, kwamba hata mvua haimharibii nywele, na kwamba walioigiza pekee ni ng'ombe. Nikatia jina la Wilf chini. Nilijiona mwizi. Na upweke ulinishika vibaya sana, ilhali mwenyewe alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka nilipo, anatazama mvua.

Kijarida kilipotoka, Hettie alikileta mwenyewe saa kumi jioni, na keki ya tangawizi mkononi. Nilikuwa nimezoea kuwamalizia wageni mlangoni, lakini Hettie hamaliziki mlangoni. Kabla sijasema kitu alikwishakaa.

"Wilf wee! Safari hii umeua! Kasisi mwenyewe kacheka mpaka miwani imemdondoka. Tulia nikusomee."

"Hettie, tule kwanza, keki itapoa," nilisema.

"Itapoa nini na imetoka kabatini?"

Nikapanga vikombe kando ya buli la chai, sikuwa na la kufanya zaidi. Akasoma yote, mvua, nywele, ng'ombe, akitia madoido. Wilf alisikiliza kwa makini, mikono magotini. Alipomaliza, Hettie alimtazama akingoja neno la majigambo.

"Nani huyo?" Wilf akauliza.

"Nani! Acha zako wewe!"

"Hana huruma huyo bwana. Mwanamke wa watu kafiwa, yeye anaangalia nywele." Akanigeukia taratibu, kwa adabu, kama unavyomgeukia mgeni usiyetaka ajione ametengwa. "Sijui mkewe anamvumiliaje."

"Amemzoea," nilisema. "Anampenda hivyo hivyo alivyo."

Kicheko kilimkauka Hettie. Akanitazama, akakitazama kijarida, akanitazama tena, nikajua ameelewa yote, ugonjwa na mwandishi pia. Ahadi yangu ikafa pale pale mbele ya keki. Masikini Hettie, hakujua aifanye nini mikono yake. Akakishika kikombe, akakipeleka mdomoni, akanywa, akakirudisha kwenye kisahani.

"Hamna kitu humo," Wilf akasema.

"Unasemaje, Wilf?"

"Kikombe hicho. Hakina chai. Mtu mwenye chai hakipeperushi hivyo." Ilikuwa sauti yake kabisa, ile ya kibandani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu kiangazi.

Na kweli, buli lilikuwa bado limefunikwa, limejaa. Sikuwa nimemmiminia mtu hata tone. Nikacheka. Nilishindwa kujizuia, nikacheka huku machozi yananitiririka na Hettie kanishika mkono. Wilf akanitazama usoni, akasubiri kidogo kuhakikisha, kisha na yeye akacheka.