Pollada Ambayo Hakuna Aliyekuja

Nilton Ccorahua alikuwa na sentensi moja iliyomlisha kwa miaka minane. Aliitamka katikati ya kila hotuba, baada ya kunyamaza kidogo: "Tulikaanga kuku wa sahani mia mbili, na hakuna aliyekuja."

Hapo ukumbi mzima ulikuwa wake. Wauza bima, wauza vipodozi, mameneja waliokuja na sura za kununa, wote walianza kutafuta leso. Aliwaeleza jinsi mama yake alivyougua figo, jinsi walivyoandaa pollada, karamu ya kuku ya kumchangia mgonjwa, nyumbani kwao mtaa wa Las Retamas, juu ya vilima vya Lima, kadi zikauzwa mlango kwa mlango ili mapato yaende hospitali. Halafu meza tupu, mafuta yanapoa, na yeye kijana wa miaka kumi na minne akiapa kwamba hatamtegemea mtu tena. Watu walisimama kumpigia makofi.

Tatizo ni kwamba watu walikuja. Walikuja mpaka foleni ikateremka ngazi na kufika kwenye tangi la maji. Las Retamas hakuna asiyejua pollada: leo unakula kuku wa mwenzako, kesho yeye anakula wako, na kadi ukishaichukua huna ruhusa ya kukaa nyumbani. Siku ile sufuria zilikombwa. Aliyekuwa hayupo ni Nilton. Aliona haya wanafunzi wenzake wamwone mama yake akiuguzwa kwa sahani za kuku, akashuka kwa binamu yake huko bondeni, akaangalia televisheni mpaka jioni.

Tusimwonee, mara ya kwanza alisema kweli. Alisimama mbele ya wauza vichujio vya maji akawaambia majirani walikuja wote, nao wakatikisa vichwa huku wakichezea simu. Mwalimu aliyemfundisha kuhutubia akamvuta pembeni: "Habari njema, lakini jeraha liko wapi?" Wiki iliyofuata jeraha likapatikana. Alijiambia ni neno moja tu amebadilisha, na mama yake alikwisha kufariki, nani angeumia?

Aliyeumia alikuwa mama Eudocia, madrina wake, aliyembeba siku ya ubatizo. Mwaka huu hotuba ya Nilton ilisambaa kwenye simu mpaka ikapanda vilima. Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa Rosalbina, binti wa mama Eudocia: "Njoo umwone mama. Ulichoharibu njoo ukitengeneze mwenyewe."

Alikwenda Jumapili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati. Dukani kwenye kona mzee mmoja alimtazama akipanda ngazi.

"Karibu, Profesa," akasema. "Leo tupo. Usije ukasema hukutukuta."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shukrani ya punda tunaijua, endelea na safari."

Nilton aliendelea, masikio yakiwaka. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alitamani hata kutukanwa, maana mtu akikutukana unajua umelipa kiasi fulani.

Mama Eudocia alikuwa ameketi jikoni akimenya maharage mabichi. Alikuwa na miaka themanini na moja, na vidole vyake vilijua kazi hata macho yakiwa kwingine. Alimshika Nilton uso kwa mikono yote miwili.

"Nimekuona kwenye simu, mwanangu. Umevaa suti. Mama yako angefurahi."

"Asante, mama."

"Nililia. Kila nikikuona nalia." Akamwachia uso akamshika mkono. "Nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Kutokuja."

Nilton alimgeukia Rosalbina, aliyekuwa akikoroga supu bila kumwangalia.

"Ndiyo hivyo," Rosalbina akasema. "Tangu aione hiyo video yako. Namwambia, mama, wewe ndiye uliyekaanga, mimi nilikuwa namenya viazi hapo miguuni pako. Hataki. Eti namfariji."

"Wewe ni binti yangu, utanificha aibu yangu," mama Eudocia akasema kwa upole. "Huyu analia mbele ya watu wote wale. Mtu hawezi kulia hivyo kwa jambo ambalo halikutokea."

"Mama, mlikuja," Nilton akasema. Sauti yake ilitoka nyembamba, hakuizoea. "Mlikuja nyote. Nilisema uongo ili watu wanisikilize."

Mama Eudocia alitabasamu kama anayepewa kiti cha mbele asichostahili. "Mama yako alikulea vizuri. Mimi nakumbuka kitunguu saumu, vidole viliniwasha siku mbili. Lakini pollada nimekaanga ngapi? Labda ile ilikuwa ya Teodosio alipovunjika mguu. Kichwa changu siku hizi kinachanganya." Akaweka bakuli la maharage kando. "Basi kama nilikuja, nieleze. Nieleze nilivyokuja, huenda nikakumbuka."

Hakuna mtu Lima nzima aliyelipwa vizuri kuliko Nilton kwa kueleza siku ile, na sasa hakuwa na la kueleza. Angeweza kusema hajui, hakuwepo, alijificha. Ilikuwa kweli na ilikuwa fupi. Lakini mwanamke yule alikuwa akimtazama kwa njaa ya kusadiki, na ulimi wa Nilton ulizoea kuwashibisha watu.

"Ulifika kabla ya wote," akaanza. "Alfajiri. Ulivaa aproni ya kijani, ukakaa karibu na mlango, ukawa unacheka na kila anayekuja na kadi. Mama alikuwa dirishani, amejifunika blanketi. Ulimpelekea paja la kwanza, akakushika mkono, hakutaka kuuachia."

Alikuwa akilia, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli. Rosalbina aliacha kukoroga. Uso wa mama Eudocia ulikuwa umefunguka, midomo ikimfuata neno kwa neno. Kisha ukaganda.

"Aproni ya kijani," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mwaka ule nilikuwa nimemzika Saturnino wangu. Nilivaa weusi miaka mitatu, mpaka kitambaa cha kichwa. Kila mtu aliyeniona anajua."

Rosalbina alifumba macho.  Nilton alitamani amuumbe tena yule mwanamke, amvike nguo nyeusi, lakini hakuna aliyekuwa akimngoja tena.

"Sikukuona, mama," hatimaye akasema. "Naapa kwa kaburi la mama yangu, ulikuja. Ni mimi nisiyekuwepo. Niliona haya nikajificha kwa binamu yangu siku nzima."

Mama Eudocia alimtazama bila hasira hata kidogo. Halafu akauvuta mkono wake polepole kutoka mikononi mwa Nilton.

"Hata wewe hukuja," akasema. "Masikini mama yako, comadre wangu. Kumbe alikuwa peke yake kabisa."