Dari la Bwana Semina

Mwalimu mkuu alikwenda semina ya siku mbili, akarudi na cheti, mkoba wa plastiki na jina jipya. Cheti na mkoba alipewa na waandaaji. Jina alipewa na walimu wake, kabla hata hajamaliza kuwasomea aliyojifunza: Bwana Semina.

Alirudi na amri mbili. Kwanza, kila somo liwe na chemsha bongo ya mtandaoni: maswali yaonekane ukutani kwa projekta, wanafunzi wabonyeze majibu kwenye vishikwambi, sita kwa watoto arobaini na wanne. Pili, kengele ilitegwa ilie kila baada ya dakika kumi. Ikilia, darasa zima lisimame liruke.

"Damu ipande kichwani!" alihimiza, yeye mwenyewe akiwa amekaa.

Kila amri peke yake haikuwa na ubaya. Zikikutana, zilikuwa paka na panya. Ruta, ile mashine ndogo inayoleta mtandao, Bwana Semina aliipigilia darini ofisini kwake ili wezi wasiifikie. Na juu ya dari hilo, kwenye sakafu ya mbao, ndipo lilipokuwa darasa la tano. Watoto wakiruka, waya unachomoka na mtandao unakata roho. Bwana Semina alipiga simu kwa kampuni ya mtandao mara tisa, akawatukana mara tisa.

Aliyegundua ni mwalimu wa hesabu wa darasa la tano. Alikuwa na mwaka wa pili kwenye majaribio, na wiki iliyofuata mkaguzi angekuja kuamua kama athibitishwe kazini au arudie mwaka. Fomu ya ukaguzi ilikuwa na mistari miwili ya kuwekewa vema: zana za mtandao, mapumziko ya mazoezi ya viungo. Ukikosa mmoja, umekosa yote.

"Mkuu, watoto wakiruka waya unachomoka. Tuihamishie ruta ukutani."

"Binti, mtandao unatoka hewani, hautoki miguuni."

"Lakini, Mkuu..."

"Wewe una diploma. Mimi nina diploma na semina. Nani zaidi?"

Mwalimu akarudi darasani. Wiki nzima akawafundisha watoto kuruka kama paka aliyeingia jikoni kuiba: vidole vya miguu kwanza, magoti yakunjwe, pumzi ndani. Aliyetoa kishindo alichekwa na wenzake hadi akajifunza.

Siku ikafika. Mama mkaguzi, mtu mzima wa miwani ya kamba, alijibana kwenye dawati la nyuma, magoti yakikaribia kidevu. Swali likatokea ukutani: robo tatu ya ishirini ni ngapi? Vichwa vikainamia vishikwambi, minong'ono ikapanda. Kengele ikalia. Watoto wakasimama, wakaruka. Hata sisimizi asingeshtuka. Swali likabaki palepale ukutani, liking'aa. Mama mkaguzi akafungua kalamu.

Hapo Bwana Semina, aliyekuwa ameegemea mlango, akashindwa kuvumilia.

"Ndiyo nini hiyo? Mnaruka au mnanyata? Mama, uniwie radhi, huyu binti bado anajifunza. Tazameni!"

Akapandisha suruali, akaruka. Huyu ni mtu ambaye mkanda wake uliongezwa tundu mara tatu kwa msumari ili kitambi kipate nafasi. Sakafu ililia, chini kukasikika kitu kikianguka, na ukutani swali likatoweka.

"Umeona mwenyewe," alisema, akitweta. "Zana zimemshinda. Weka kosa, Mama. Mimi sina tabia ya kuficha."

Kalamu ikashuka kwenye karatasi. Mwalimu aliona mwaka mwingine wa majaribio ukimjia mbiombio.

"Mama, kabla hujaandika," alisema, "naomba ushuke ofisini kwa Mkuu, ukae chini ya ruta. Halafu Mkuu aruke tena."

"Binti!"

"Si ulisema mtandao unatoka hewani, Mkuu? Basi kuruka kuna hatari gani?"

Mama mkaguzi akajichomoa dawatini, akashuka ngazi. Baada ya muda sauti yake ikapanda kupitia dirishani: "Imening'inia kwa waya mmoja, mwingine umechomoka! Haya, nimeirudisha. Ruka, Mwalimu Mkuu!"

Swali likarudi ukutani. Bwana Semina akainua visigino kidogo, akavishusha kwa adabu.

"Sijasikia kitu!"

"Ruka, Mkuu!" watoto wakamtia moyo. "Damu ipande kichwani!"

Akigoma, amekiri. Akiruka, amekiri kwa kishindo. Akafumba macho, akaruka.

Mama mkaguzi alirudi na vumbi la miaka kumi kwenye nywele na ruta mkononi. Hakuketi. Aliweka vema ya kwanza, akaweka ya pili, kisha akaandika chini kabisa, penye maoni, akijisomea kwa sauti kila neno:

"Mwalimu athibitishwe. Ruta ihamishwe. Mwalimu mkuu asiruke."

Mwalimu wa hesabu alishika chaki ili vidole vipate cha kufanya. "Haya, tulikuwa wapi? Robo tatu ya ishirini?"

"Kumi na tanooo!" darasa likajibu, bila mtandao wala kishikwambi.

Kengele ikalia. Watoto arobaini na wanne wakageuka, wakamtazama Mkuu.