Kuta za Mbele

Ikupa hakuwa mwanamke wa kutishwa na karatasi. Mwaka ule wa hamsini na saba, Mzungu wa mipango ya mji alipotandaza ramani yake juu ya boneti ya Landrova, kule chini ya mlima Loleza, na karani Liberatus akatafsiri kwamba hiyo ndiyo Mbeya ya miaka ishirini ijayo, mjane huyu aliuliza jambo moja tu.

"Na sisi tuko wapi humo?"

Hawakuwemo! Mzungu akasema atakayekutwa na nyumba ya matofali ya kuchoma kabla ya mvua za kwanza atapewa kiwanja. Mwenye nyumba ya nyasi atahamia ng'ambo ya mto.

Ikupa akatabasamu. Marehemu mumewe alikuwa mchoma matofali, alimwachia shimo la udongo na tanuru. Akaita ujima, majirani wakaja wote, wakafyatua, wakapanga, wakachoma. Yeye aliwapikia kande na togwa, maana Wamoraviani pombe hawanywi, au tuseme hawanywi mbele za watu. Tanuru lilipofunguliwa, matofali yalikuwa mekundu ya kupendeza. Yalitosha nyumba moja.

"Shemeji, wewe umepona," alisema Gideoni, mdogo wa marehemu. "Sisi utatusikia tukikohoa ng'ambo."

Maneno hayo yalimchoma Ikupa. Aishi katikati ya watu asiowajua? Akipiga yowe, nani ataitika? Kesho yake, baada ya ibada, akasimama mlangoni mwa kanisa.

"Gawaneni matofali. Kila nyumba ijenge ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara. Nyumba zenyewe tutamalizia kiangazi kijacho."

"Mwe! Kwani Mzungu ni kipofu?" alimaka jirani mmoja.

"Si kipofu. Ana mipango yake, nami nina yangu."

Mzungu aliporudi, alikuta safu ya kuta nyekundu zimejipanga barabarani. Akazunguka nyuma, akakuta vibanda vilevile vya nyasi. Uso ukamwiva.

"Hizi ni kuta tu! Nyumba ziko wapi?"

Ikupa akampa kibuyu cha togwa. "Bwana, mji wako nao ni karatasi tu. Umetutaka tuuamini miaka ishirini. Nawe utuamini mpaka kiangazi."

Liberatus alijiumauma kabla ya kutafsiri. Mzungu akazitazama tena zile kuta, kisha akacheka mpaka togwa ikammwagikia. Akatoa penseli, akaanza kuandika majina kwenye ramani, kiwanja kwa kiwanja. Akafika katikati.

"Na hii isiyo na tofali hata moja?"

"Yangu," alijibu Ikupa. "Yaliniishia."

"Basi hii haina kiwanja. Sheria ni sheria."

Ikupa hakubisha. Alijua tangu pale kanisani kwamba huenda ikawa hivyo, na moyo ulimuuma.

Gideoni alipanda juu ya ukuta wake, udongo ukiwa bado mbichi, akabandua mstari wa juu, tofali kwa tofali, akayabeba hadi mlangoni kwa shemejiye. Majirani nao wakapanda kuta zao. Mzungu alipomaliza togwa yake, ukuta wa Ikupa ulikuwa umefika kiunoni na ulikuwa bado unapanda.

Akashika tena penseli. "Jina?"

"Ikupa," alijibu Gideoni, tofali mkononi. "Na huyu, bwana, mwandike kwa wino."