Wageni wa Kompyuta ya Mzee Twalibu

Huko juu Mgeta, ambako ukungu wa asubuhi ni mzito hata mtu akikosa msumari hutundika koti hewani, nyumba ya Mzee Twalibu haikuwahi kumrudisha aliyebisha hodi. Wapakiaji wa kabichi walikunywa chai pale, shehe na mlokole walikaa mkeka mmoja, na inasemekana hata chui alipokohoa mlangoni, mzee alijibu "karibu" kabla hajauliza ni nani. Chui akaona haya, akaenda zake.

Kwa hiyo kompyuta ilipopanda mlima juu ya lori lililotoka kupeleka karoti Dar, ikaunganishwa na intaneti kwa kijisanduku cha ruta, mzee aliihesabu kuwa mlango mwingine wa nyumba. Kila kidirisha kilichochomoza na kuomba ruhusa, alikiruhusu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akabonyeza Ndiyo. Kimoja kilimwambia kompyuta yake inaumwa virusi, kiingie kiisafishe. Hicho alikipokea kwa mikono miwili. Daktari anayepanda mwenyewe mpaka Mgeta si wa kukataliwa.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na kitu ambacho mzee asingekipata kwingine duniani: sauti ya marehemu mkewe, Mwaisha, mama Salum. Nyimbo zake za kupalilia, hadithi zake, kicheko chake. Alimrekodi kwa simu, akahamishia zote kwenye kompyuta, kisha simu yenyewe ikabebwa na mto siku ya mvua.

Asubuhi moja mzee akaona mshale wa kwenye kioo unatembea. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kikombe cha chai. Juu ya kioo, kijitaa cha kamera kilikuwa kinawaka bila kuambiwa. Hakuogopa kwanza, alistaajabu, kama mtu aliyeona kivuli chake kinainuka kitini na yeye amebaki ameketi. Mshale ukazunguka zunguka kama mgeni anayekagua sebule, ukasimama kwenye jina la Mwaisha, ukafungua.

"Habari za utokako," mzee akausalimu.

Haukuitika. Majina ya nyimbo yakaanza kugeuka moja baada ya jingine, kutoka juu kushuka, yakawa herufi zisizosomeka. Mzee akabonyeza wimbo wa kwanza. Kimya. Akabonyeza wa pili. Huo nao kimya.

Akanyakua simu yake mpya, akampigia Prisca, mtani wake Mnyamwezi aliyestaafu ufundi wa kompyuta kwenye kiwanda cha sukari kule bondeni, akaja kujenga ng'ambo ya korongo.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Mwaisha anafutika huku."

Siku nyingine Prisca angetania kwanza. "Chomoa ruta," alisema. "Chomoa sasa hivi, usiniage."

Mzee akachomoa. Mshale ukakauka pale pale ulipo.

Prisca alifika akihema kwa kile kilima. "Nyie Waluguru, mmepanda juu huku kote kujificha, halafu mlango mnauacha wazi."

"Walibisha hodi."

"Mwizi wa siku hizi ana adabu. Huyo daktari wako amefunga nyimbo kwa kufuli lake, ili akuuzie ufunguo. Ukimlipa anaweza asikupe. Na hicho kijicho hapo juu kilikuwa kinakutazama."

"Mimi? Hana kazi?"

"Sasa dunia nzima inajua u kibogoyo."

Prisca alikaa na kompyuta mpaka adhuhuri. Nyimbo zote zilikuwa zimefungwa. Kitu kimoja tu, cha mwisho kabisa, hakikuwa kimefikiwa ruta ilipochomolewa.

"Wimbo gani huu?"

"Si wimbo," mzee akasema, akiangalia pembeni. "Ananigombeza. Nilimrekodi kwa siri."

Prisca akakihamishia kwenye flashi ndogo kama kucha, akaifuta kompyuta yote, akaipakia mfumo upya. Akaweka kinga ya virusi, akaiambia ijisasishe yenyewe, akabadilisha nywila, akabandika plasta kwenye kamera. "Usiruhusu ambacho hukukiita," alisema. Kisha akarudisha ruta, akafungua ukurasa wa ukuta wa kompyuta, ule unaozuia waingiaji. "Njoo uone wageni wako."

Mistari ilikuwa inashuka kama maji ya maporomoko. Kila mstari ni hodi moja, na jina la mahali ilikotoka: miji aliyoisikia redioni tu, na mingine ambayo ulimi wake usingeiweza.

"Wananijua?"

"Hata kidogo. Ni mashine. Zinasukuma kila mlango duniani, hazilali wala hazichoki. Wako ni mmojawapo."

Mzee akatazama nje. Ukungu, matuta ya kabichi, njia ambayo hata mbuzi huishuka akimwomba Mungu. Na papo hapo, kupitia ukungu ule ule, ulimwengu mzima umesimama kizingitini pake, unabisha, na ukuta unanyamaza. Mdomo ulimfunguka kwa mazoea. Akaufunga, nywele zimemsimama.

Aliposhtuka, Prisca alikuwa anatia flashi ya pili mfukoni mwake.

"Hiyo?"

"Nimemchukua Mwaisha. Mtani akishika kitu hadaiwi, au huku mmebadilisha? Akikaa nyumba mbili, mwizi itabidi apande milima miwili."

Mzee akamwachia. Mila ni mila.

Kesho yake alasiri alikuwa shambani na wapaliliaji, ukungu umefunga korongo lote, pale spika kubwa ya Prisca ilipokoroma ng'ambo. Kisha sauti ikatoka ndani ya ukungu, ikagonga mlima wa huku, ikarudi imekuwa kubwa kuliko ilivyopata kuwa maishani:

"Twalibu! Matope yote hayo unaingiza ndani? Si nilikwambia uvue viatu?"

Majembe yakasimama hewani. Hakuna aliyecheka. Mzee Twalibu akainama taratibu katikati ya matuta, akavua buti moja, akavua na la pili, akasimama peku kwenye udongo baridi.

"Nimeshavua, mama Salum," akasema.