Fundi wa Msasa

Ukitoka Wamunyu, kijiji cha wachongaji huko Ukambani, watu hawakuulizi kama unajua kuchonga. Wanakuuliza unachonga nini. Nilipofika Dubai mwaka 2005 nilikuwa nimeshachoka kueleza, kwa hiyo nikaanza kukubali. Nilikubali kwamba mimi Jotham ni mchongaji, mwana wa mchongaji, na kwamba wale twiga warefu wanaouzwa kwenye hoteli za Nairobi wamepita mikononi mwangu. Hilo la mwisho lilikuwa kweli kabisa. Walipita mikononi mwangu wakiwa wameshachongwa na watu wengine.

Baba alinijaribu na tezo nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilimkata kifaru pembe, pembe yenyewe ikampata baba kwenye goti, na tangu siku hiyo nikahamishiwa kivulini kwa kina mama, kupiga msasa na kupaka rangi ya viatu. Huko nilikuwa na kipaji, siwezi kukataa. Hakuna alama ya kisu iliyonishinda kuilainisha.

Dubai nililinda geti la klabu moja ya kulenga shabaha, upande wa Jebel Ali. Kibanda chetu kilikuwa na feni iliyohamisha joto kutoka kona moja hadi nyingine. Mita hamsini ndani kulikuwa na karakana ya silaha yenye kiyoyozi, na ndani ya kiyoyozi alikaa Rafiq, fundi Mpakistani, ambaye alikuwa anatafuta msaidizi. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kuitaka mbingu, na mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa.

Ndipo akaja Bwana Msellem. Alikuwa mwanachama wa klabu, mtu wa makamo, ukoo wake ulitoka Unguja miaka ya sitini, na Kiswahili chake kilikuwa kisafi kiasi kwamba niliona haya kukifungua changu. Alileta bastola ya marehemu baba yake, ya zamani, iliyonizidi umri. Rafiq alikuwa aitoe kutu kwenye fremu, abadilishe skrubu zilizolika, na aweke kipande kipya cha chuma nyuma ya mpini, pale kiganja kinapokaa. Shida ilikuwa vile vibao viwili vya mbao vinavyofunika mpini. Cha kushoto kilikuwa na ufa chini, karibu na skrubu.

"Mimi chuma," Rafiq akasema kwa Kiingereza chake. "Mbao sijui. Lakini yule wa getini anajua. Kijiji chao kizima wanachonga."

Nikaitwa. Nikakishika kibao, nikakigeuza kwenye mwanga, nikafumba jicho moja kama nilivyomwona baba akifanya.

"Hii kitu iko kwa damu yetu, sir," nikasema.

"Basi n'zibie huu ufa," akasema Bwana Msellem. "Ufa tu, bwana. Kwengine kote usipaguse."

"Hakuna shida, sir. Hiyo ni kazi ndogo sana."

Alipoondoka, Rafiq akaniambia kazi ikitoka vizuri atamwomba meneja anihamishie karakana wiki ijayo. Siku hiyo hiyo nikampigia baba simu nikamwambia nimepandishwa cheo. Debe tupu haliachi kuvuma.

Ijumaa Rafiq alifungia bastola kwenye sefu, akaniachia vibao na gundi, akaenda msikitini. Kuziba ufa kulinichukua dakika kumi. Nilitia gundi, nikabana, nikafuta, na ufa ukapotea. Mtu mwenye akili angeondoka hapo. Mimi nilikuwa na kiyoyozi, saa nzima na nusu mbele yangu, na msasa wa Rafiq umening'inia ukutani ukinitazama.

Nikaanza kukiona kibao vibaya. Kilikuwa kimechorwa vimistari vinavyokatana, vimejaa uchafu, na sehemu ya juu vimistari vyenyewe vilikuwa vimefutika na mbao imebonyea kidogo. Nikasikitika. Kwetu, twiga akitoka na mistari ya patasi, anarudishwa kivulini. Na mimi ndiye niliyekuwa kivulini. Nikapiga msasa wa kukwaruza, nikaja na wa kati, nikamalizia na ule laini kama karatasi ya Biblia. Nikakisawazisha mpaka bonde lile likaisha. Nikapuliza unga. Kisha, kwa kuwa mlinzi hakosi rangi ya viatu, nikakipaka rangi ya kahawia mara tatu na kukisugua kwa soksi. Cha kulia nacho nikakifanya vivyo hivyo, visije vikaoneana wivu.

Viling'aa. Nilijiona ndani yake, na nilipendeza.

Bwana Msellem alikuja Jumamosi. Rafiq alikuwa ameshavifunga vibao bila kunitazama, na mimi nilidhani ananionea kijicho. Bwana Msellem aliishika bastola yake tupu, akalaza kidole gumba juu ya kibao cha kushoto, akakipeleka huku na huku kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Hapa palikuwa na kijishimo," akasema.

"Nimekirekebisha, sir."

"Kilikuwa cha dole la baba. Miaka thelathini akiweka dole pahala pamoja. Nilipokuwa mdogo akinishika mkono, akinitilia dole langu pale."

Nikaukumbuka ule unga nilioupuliza sakafuni na kuufagia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na kiyoyozi hakikunisaidia chochote.

"Nilikwambia ufa tu."

"Ndiyo, sir. Naomba radhi."

"Baba'ko ni fundi?"

"Fundi sana, sir."

"Na wewe?"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema nje ya Wamunyu. "Mimi napiga msasa, sir. Na rangi."

Akatikisa kichwa polepole. "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kuvukuta moto si aibu. Ungelisema tu." Akajifuta kidole kwenye kanzu yake nyeupe bila kufikiri, na rangi yangu ya viatu ikabaki pale kifuani, kahawia, umbo kamili la kidole gumba.

Nafasi ya karakana alipewa Siraje, Mganda, ambaye meneja alipomuuliza anajua nini alijibu kwamba hajui chuma wala mbao.

Mimi bado niko getini. Bwana Msellem akipita na gari hunyanyua kidole gumba nyuma ya kioo, na Clifford, mlinzi mwenzangu, huona wivu. "Huyo arbab anakupenda wewe, aki," huniambia, maana huku kila bosi huitwa arbab. Simwelezi.

Wiki iliyopita Bwana Msellem alisimamisha gari, akashusha kioo.

"Mwaka mzima naweka dole langu pale pale kila siku," akasema. "Hapajabonyea hata chembe."

Nikamwomba radhi tena.

"Baba ilimchukua miaka thelathini. Mimi nina hamsini na minane," akasema, akahesabu kidogo kichwani, akaacha. "Haya, fungua geti."

Nikafungua.