Kiwiko cha Shamte

Habari ya mifupa ilimkuta Mize binti Mfaume ameshika mguu wa mtu. Mchukuzi mmoja wa forodhani alikuwa ameteleza na gunia la mbata, kifundo kikateguka, na Mize alikuwa amekwisha kukipaka mafuta ya nazi ya moto, anakipapasa polepole kutafuta pale kiungo kilipoachana. Mjumbe wa kadhi aliposimama mlangoni akasema anatakiwa upesi, Mize hakugeuka. Alivuta, akazungusha kidogo, kifundo kikarudi mahali pake. Ndipo akanawa mikono.

"Mwambie sheikh nakuja," alisema. Kisha akamgeukia mchukuzi. "Na wewe, usiukanyage mguu huo mpaka nikuambie."

Miaka ile Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wameweka boma lao la Mafia pale pale Chole, lakini mambo ya ndoa, mirathi na maziko yaliendelea kuamuliwa kwa kadhi, Sheikh Sleyum. Mize alikuwa mganga wa mifupa kama baba yake kabla yake. Chole, Juani na hata Utende, ilikuwa shida kupata nyumba ambayo hakuingia kumuunga mtu. Alilijua hilo, wala hakuona sababu ya kujifanya halijui.

Uani kwa kadhi alikuta watu wamejaa, na katikati yao jamvi limefunikwa kwa shuka nyeupe. Wanawake waliokwenda kukata ukindu Juani, upande wa magofu ya Kua, walikuwa wameona mifupa ya mtu ndani ya shimo refu la mawe, mahali penye kichaka ambapo hapapiti mtu. Nguo zilikuwa zimekwisha kuoza, hazikubakia hata za kutambulikana.

"Shikamoo, sheikh."

"Marahaba, Bi Mize. Karibu. Tumekuita kwa sababu sisi tunaona mifupa tu. Wewe huenda ukamwona mtu."

Mize aliwatazama waliokaa mbele. Upande mmoja alikuwepo Kidawa, kajitanda kaniki, macho chini. Mumewe Shamte, mkata boriti katika vichaka vya visiwani, aliondoka nyumbani asubuhi moja na shoka lake, hakurudi. Shaibu, kaka yake Shamte, alieneza kwamba mdogo wake amekimbilia Kilwa kwa kuchoshwa na mke, na maneno yale yakashika. Tangu hapo Kidawa hakuwa mke wala mjane. Hawezi kuolewa, hawezi kulia, na kisimani wenzake humpisha kana kwamba ana harufu.

Upande wa pili alikaa Somoe. Mwanawe wa pekee, Kombo, kijana ambaye sauti ndiyo kwanza ilikuwa inavunjika, mwaka uliofuata alikwenda Juani kutafuta mbuzi waliopotea, akapotea yeye. Somoe na Mize walitolewa mwali pamoja, na nyumba zao zilitenganishwa na ua mmoja wa makuti. Mize alipokutana naye macho aliona kitu ambacho hakukitarajia. Somoe alikuwa akiomba mifupa ile iwe ya mwanawe.

Aliinua shuka, akapiga magoti.

"Sema kwa sauti kila unachokishika," kadhi alimwambia, "ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba hakusikia."

Basi Mize akaanza kumpanga mtu. Aliweka fuvu upande wa kibla, na taya chini yake. Akafuata uti wa mgongo, akizipanga pingili moja baada ya moja kama mtu atungaye shanga, kubwa zikienda chini. Akaweka kidari, akapanga mbavu huku na huku, na baadhi hazikuwepo. "Huu ni mtulinga, unaoshika bega lisiangukie kifuani. Hili ni kombe la bega. Huu ni mfupa wa mkono wa juu, na hii ni miwili ya chini, inayopindana mtu akigeuza kiganja." Akashuka kwenye nyonga, mapaja, pia za magoti, miundi. Vidole vilikuwa pungufu. "Vidogo vidogo hivi vimechukuliwa na kaa na panya," alisema. "Msihangaike navyo."

"Mbona vimeachana hivi?" mtu mmoja aliuliza. "Mtu si huwa kitu kimoja?"

"Mfupa haujishiki wenyewe. Kinachoshika mfupa kwa mfupa ni kano, na kinachozuia visisagane ni gegedu, ile nyeupe laini unayoitafuna kwenye mguu wa kuku. Juu yake upo utando, na ndani ya kiungo upo ute. Hivyo vyote vinaoza pamoja na nyama. Ukibaki mfupa, umebaki peke yake."

Mikono yake ilikuwa juu ya nyonga.

"Ni mwanamume. Nyonga ya mwanamke ni pana, imefunguka kama bakuli. Hii ni nyembamba."

Alichukua mfupa wa paja akaupitisha kidole toka juu hata chini. Akauchukua wa pili. Jibu lilikuwa tayari mkononi mwake, na Somoe alikuwa anamtazama. Lilimpitia wazo kwamba neno moja tu lingempa shoga yake kaburi la kwenda kulifagia. Wazo lilipita, likaenda zake. Kaburi la uwongo lingekuwa la Kombo siku moja tu, halafu lingekuwa la mtu mwingine maisha yote.

"Sheikh, jikoni kwako hakuna mifupa ya mwanambuzi?"

Ilikuwapo. Bibi Zuleikha, mke wa kadhi, aliagiza ikaletwa kutoka kwenye supu ya jana. Mize alichagua mfupa wa paja, akaushika kwa mikono miwili, akausukuma ule uvimbe wa juu kwa kidole gumba. Ukachomoka mzima mzima, kama kifuniko cha chungu.

"Tazameni. Kwa mnyama mchanga, na kwa mtu pia, mfupa unakua kwa ncha. Kati ya ncha na mfupa wenyewe ipo gegedu, na maadamu gegedu ipo, mtu anaongezeka kimo. Akishakomaa, gegedu inageuka mfupa, ncha inagandamana." Aliinua paja la kushoto la mtu yule, akalisukuma vilevile kwa nguvu zake zote. Halikutikisika. "Huyu alikuwa amekwisha kukua. Kombo alikuwa bado anaongezeka. Kanzu yake ya Idi ilikuwa imekuwa fupi, mimi mwenyewe niliiona."

Somoe alisema, "Tazama tena."

Mize alitazama tena. Alichukua mikono, miundi, kila ncha, bila haraka, kwa kuwa rafiki yake alikuwa na haki hiyo. Kisha akasema kwa upole, "Siye, mwenzangu. Ningekuwa na shaka hata chembe ningekwambia nina shaka."

Somoe aliinamisha kichwa. Hakulia.

Shaibu akasimama. "Haya, si Kombo. Lakini hiyo haimfanyi awe ndugu yangu. Ndugu yangu yuko Kilwa, ameonekana sokoni. Watu wazima wanakufa kila mahali. Mfupa ni mfupa, Bi Mize."

"Njoo hapa, Shaibu."

"Nije kufanya nini?"

"Njoo uushike."

Alisitasita, lakini macho ya watu yalikuwa mgongoni mwake. Alikuja akachuchumaa. Mize alichukua mfupa wa mkono wa juu wa kushoto, akamkabidhi, halafu akachukua mmoja katika ile miwili ya chini, ule wenye kichwa cha kiwiko, akauingiza mahali pake kwenye ule wa juu. Ulikaa kama komeo katika pete yake.

"Huu ni mkono, na hiki ni kiwiko. Unyooshe."

Shaibu alivuta. Mkono ulifunguka, ukafika nusu, ukakwama. Alivuta tena. Ndani ya kile kishimo cha nyuma, ambamo kichwa cha kiwiko huzama mtu akinyoosha mkono, palikuwa pameota kinundu cha mfupa, kigumu, kilicholainika kwa miaka mingi ya kusuguana.

"Jaribu wa kulia," Mize alisema. Wa kulia ulinyooka bila taabu.

"Mlianguka mnazini pamoja mkiwa wadogo," aliendelea, na sasa alisema naye peke yake ingawa uani kote walisikia. "Wewe ulichubuka, yeye alivunjika. Baba yangu alimfunga mabanzi, nami nilikuwepo namshikia. Mfupa uliunga vizuri. Lakini gegedu ya ndani ilikuwa imechanika, na pale gegedu ikiondoka mfupa huota usipotakiwa. Baba alisema mkono huu utafanya kazi zote isipokuwa kunyooka. Nani mwingine Mafia nzima alikuwa akisali na mkono mmoja umekunjika akiinama kurukuu?"

Shaibu alibaki ameishika ile mifupa, akiukunja na kuukunjua mkono wa ndugu yake mpaka pale unapofikia.

"Alikuwa akibeba maji hivi," alisema mwishowe, akakunja mkono wake mwenyewe kifuani kuonyesha. "Mama alikuwa akicheka." Akakaa chini juu ya mchanga.

Kidawa ndiye aliyeuliza lililobaki. Alisogea mpaka ukingoni mwa jamvi. "Alikufa na nini?"

Mize alimwonyesha paja la kulia. Chini ya kichwa cha mfupa, pale panapoingia katika nyonga, palikuwa pamekatika, na kingo zake zilikuwa kali bado. "Alianguka shimoni akavunjika hapa. Mtu akivunjika hapa hasimami, wala hawezi kupanda ukuta wa mawe. Mfupa unapoanza kuunga, kingo zinakuwa butu. Hizi hazikuanza. Hakukaa sana, mwanangu. Sikwambii hakuumia, maana nitakuwa nakudanganya. Lakini hakuwa amekwenda popote. Alikuwa kazini kwake."

Hapo Kidawa alilia, kilio cha mke aliyefiwa, na wanawake waliokuwa wakimpisha kisimani walimzunguka. Somoe alikuwa wa kwanza kumshika.

Sheikh Sleyum aliwaita wazee wawili, akawauliza habari za mkono wa Shamte, wakathibitisha. Kisha akatoa hukumu. Shamte amekufa akiwa mume wa Kidawa. Eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, kwa hiyo imekwisha zamani bila mwenyewe kujua, na kuanzia leo yu huru. Mifupa ikavikwa sanda, ikasaliwa, ikazikwa alasiri. Kaburini, kabla watu hawajatawanyika, Shaibu alisimama akasema mbele ya wote kwamba mdogo wake hakumkimbia mke, na kwamba aliyesema hivyo ni yeye, naye anamwomba shemeji yake radhi. Kidawa alimsamehe, ingawa si siku ile.

Asubuhi iliyofuata Somoe alipenya kwenye ua wa makuti, akamkuta Mize anatwanga dawa.

"Siku nikimwona Kombo," alisema, "wewe huenda usiwepo. Nitamjuaje?"

Mize aliweka mchi kando. Alimkalisha mbele yake, akauchukua mkono wa Somoe, akauweka kwenye shingo yake mwenyewe. "Anzia hapa. Mtulinga. Ufuate mpaka uingie begani. Umesikia kishimo? Sasa sema."

"Mtulinga," Somoe akasema.

Walifanya hivyo siku nyingi, mfupa baada ya mfupa, kiungo baada ya kiungo, Mize akiwa mwili na Somoe akiwa mikono. Kila msimu wa ukindu Somoe alikwenda Juani pamoja na wakataji, akachungulia mashimo. Kombo hakuonekana. Mwaka wa tatu au wa nne, Mize akiwa Utende kwa mwanamke aliyejifungua, mwashi mmoja alianguka kutoka darini Chole, bega likachomoka, na hapakuwa na wa kumwita. Somoe alikuja. Alimlaza chini, akaweka kisigino chake kwapani kwa yule mtu, akashika mkono kwa mikono miwili, akavuta kwa utulivu mpaka alipousikia mfupa unarudi katika kombe lake.

"Ukae hivi hivi, usiuinue," alimwambia, huku akimfunga mkono kifuani kwa kanga. "Kano zimevutika. Zinataka siku zake."