Nyuzi Moja Kuelekea Tundu

Simu ya Fundi Milimita haikuwa ile ya matajiri, wala haikuwa ile ya kuchekwa. Ilikuwa ya katikati, ya mtu anayejua jasho lake. Siku aliyoinunua alimwambia mkewe kwamba ikikaa miaka miwili atashukuru, na sasa ilikuwa inaingia mwaka wa tano. Ilikwisha kutumbukia kwenye ndoo ya saruji mara mbili. Kioo kilikuwa na ufa toka pembeni hadi katikati, ufa aliouzoea kiasi kwamba simu zisizo na ufa alikuwa akiziona zina upungufu. Ilijaa picha za sakafu, mamia kwa mamia, hata kila asubuhi ikawa inamwomba afute kitu, naye kila asubuhi anaiambia ingoje. Alama za vidole ilikwisha kusahau, lakini hapo kosa halikuwa lake: saruji ilimla fundi ncha za vidole zikabaki laini kama vigae vyenyewe. Simu ikimkatalia mara ya tano, alikuwa akiiinamia na kuiambia kwa upole, "Ni mimi, bwana. Fungua."

"Mke mwenza huyo," mkewe alikuwa akisema. "Mimi mara ya mwisho kusemeshwa kwa upole hivyo ilikuwa kabla ya harusi."

Kilichomfunga Milimita kwa simu ile ni kimoja tu: ndani yake mlikuwa na pima maji, kile kipimo kinachoonyesha kama kitu kimelala sawa au kimeinama. Nyinyi mnaokanyaga sakafu bila kufikiri hamwezi kuijua raha hiyo. Sakafu ya bafu haitakiwi kulala sawa kabisa. Inatakiwa iinamie tundu la kutolea maji, nyuzi moja tu ya mwinamo, kiasi ambacho jicho halikioni lakini maji yanakijua. Zamani alizunguka na pima maji ya mbao yenye urefu wa mkono mzima. Siku hizi aliilaza simu juu ya kigae, kichwa chake kikielekea tundu, namba ikajitokeza, kazi kwisha. Mwezi wa kwanza aliishindanisha na ile ya mbao. Haikukosea hata mara moja, ndipo ile ya mbao ikastaafishwa nyuma ya kabati.

Jumanne moja asubuhi kinyozi mmoja akampigia. Huyo alitandikiwa sakafu ya saluni wiki tano nyuma.

"Fundi, haya maji ya kuoshea vichwa yameanza kunifuata kwenye kiti. Njoo uyaone mwenyewe."

Milimita alifika akiwa amevimba kidogo, maana jina lenyewe alipewa kwa sababu ya kurudisha vigae dukani kwa tofauti ya milimita moja. Alichuchumaa, akailaza simu, kichwa kuelekea tundu. Nyuzi moja, bila hitilafu. Akaomba kikombe cha maji, akamwaga. Maji yakasimama kidogo, yakafikiri, halafu yakaanza safari kuelekea kiti cha kinyozi. Mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa akainua miguu.

"Simu inasema yanakwenda kule," Milimita akasema, akionyesha tundu.

"Basi yaambie," kinyozi akajibu.

Fundi mwingine hapo angeanza kutafuta wa kumsukumia lawama. Milimita naye hakuwa malaika, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja tangu utotoni: jambo asilolielewa lilikuwa halimpi usingizi. Akamwaga kikombe cha pili, akamwaga cha tatu, akalaza shavu sakafuni ayatazame maji kwa ubavu. Kinyozi akaendelea kunyoa akimruka kila alipopita. Na ni pale chini, shavu likiwa juu ya kigae baridi, ndipo wazo baya lilipomjia. Alimkumbuka mama mkwe.

Miezi miwili iliyopita mama mkwe alitoka hospitali akiwa amepasuliwa nyonga, ndani amewekewa chuma, mkononi ana mkongojo. Familia ilikubaliana kwamba bafu lake la zamani lenye kizingiti litamwangusha, na Milimita akajitolea kulivunja na kutandika sakafu mpya isiyo na cha kujikwaa. Alifanya kazi siku tatu, kwa moyo mweupe, na kwa hamu ya kusikia neno la sifa kutoka kwa mwanamke aliyekuwa na ubahili wa sifa. Wiki moja baadaye mama alimwita pembeni. Alimwambia taratibu, ili binti yake asisikie, kwamba maji yanakuja mlangoni. Milimita hakumwaga hata tone. Alilaza simu mbele yake, kichwa kuelekea tundu. "Unaona, mama? Nyuzi moja. Inainama vizuri kabisa." Mama aliitazama simu, akaitazama sakafu, akairudia simu. "Haya, mwanangu. Kama inasema hivyo." Tangu siku hiyo hakuligusia tena.

Ikiwa sakafu ile ilikuwa kama hii, basi kila siku mama alikuwa akitoka bafuni kwa mguu mmoja mzima na mkongojo, akikanyaga majimaji pale pale mlangoni. Milimita akainuka ghafla, kidogo amgonge kinyozi mkono wenye mashine. Akampigia mkewe.

"Mama yuko wapi leo?"

"Yuko kwa mama mdogo, anarudi saa tisa. Kwani kuna nini?"

"Nauliza tu."

"Wewe? Unamwulizia mama yangu, hivi hivi tu?"

Akakata simu kabla hajajikanyaga. Alikuwa na muda mpaka saa tisa. Wazo la kwanza lilikuwa kwenda kuivunja sakafu ya mama hapo hapo, lakini aivunje kwa sababu ipi? Kama ni nyumba iliyotitia, dawa yake ni moja. Kama ni saruji, dawa ni nyingine. Asiyejua kilichoharibika anaweza kutandika upya na kukosea upya, na mama akaanguka juu ya sakafu ya pili badala ya ya kwanza.

Akazifungua zile picha zake za sakafu. Kila moja ilikuwa na tarehe. Akachagua ya duka la mikate, ya miezi saba nyuma, akaenda huko, akaomba kikombe. Mwokaji alimtazama kama mtu aliyechanganyikiwa, lakini kikombe akampa. Maji yakaenda moja kwa moja tunduni, mpaka tone la mwisho. Milimita akafurahi, halafu furaha ikamwisha, kwa sababu sasa alielewa kidogo zaidi ya mwanzo na bado hakuelewa.

Akaenda kwa dobi, sakafu ya miezi minne. Dobi alikuwa mama mmoja mnene mwenye pasi mkononi na maneno mdomoni. Milimita akamwaga. Maji hayakwenda popote. Yakatandaa pale pale kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kiti.

"Hayo yanakauka lini?" dobi akauliza. "Mimi nilidhani ndiyo mtindo wa kisasa."

Milimita alikuwa akihesabu. Miezi saba nyuma, yanakwenda vizuri. Miezi minne, hayajui yaende wapi. Wiki tano, yanarudi nyuma. Majengo matatu hayawezi kupanga foleni na kutitia kwa zamu. Saruji alinunua maduka tofauti. Kilichokuwepo kote ni yeye mwenyewe, na kwa muda alisimama pale katikati ya mashuka ya watu akijishuku: macho yake, magoti yake, umri wake. Aliwahi kuona mafundi wakizeeka bila kuambiwa. Aliogopa, na aliogopa kweli.

Akachuchumaa kupima tena, lakini upande ule aliozoea kukaa palikuwa na beseni la dobi limejaa maji ya sabuni. Akazunguka upande wa pili, akailaza simu kinyume, miguu ya simu ndiyo ikaelekea tundu. Namba ikaja: nyuzi mbili, ila sasa ilisema sakafu inalikimbia tundu. Akaigeuza kama kawaida. Nyuzi mbili, inaliendea tundu. Akaigeuza tena. Sakafu ile ile, dakika ile ile, kigae kile kile.

Milimita akakaa kitako sakafuni, kwenye maji.

Hilo ndilo somo la kwanza alilofundishwa katika ufundi, kabla hata hajaruhusiwa kushika mwiko. Fundi wake mkuu alimwambia kwamba pima maji huwekwa, ikasomwa, ikageuzwa, ikasomwa tena, na vipimo vikikataana huitumii hata kwa banda la kuku. Miaka ishirini aliigeuza ile ya mbao bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna. Simu hakuigeuza hata siku moja. Ilikuwa inawaka na inatoa namba yenye nukta, na yeye, mtu wa kurudisha vigae dukani, akaona haya kuihoji.

Akalivua lile kava la mpira lililokuwa halijavuliwa tangu sikukuu ya mwaka juzi. Mgongo wa simu ulikuwa umetuna upande wa chini, umefutuka mpaka kifuniko kinaachana na ukingo.

Dobi akaweka pasi chini. "Fundi, hii ina ujauzito."

Ilikuwa betri. Ilizeeka, ikavimba taratibu mwezi baada ya mwezi, na kila ilivyovimba ikainyanyua simu kutoka miguuni kwa unene wa karatasi, halafu wa kadi, halafu wa kigae chembamba. Namba kwenye kioo ilikuwa ya kweli kabisa. Simu ilikuwa inapima mwinamo wake yenyewe, na yeye akawa anatandika sakafu kwa kuufuata. Milimita aliona aibu mpaka masikioni, na katikati ya aibu hiyo, Mungu amsamehe, aliona pia raha, ile raha ya jambo kufunguka.

Fundi simu wa jirani aliipokea kwa vidole viwili, akaipeleka nje kwanza, mbali na watu. "Huwa unailaza wapi?"

"Chini ya mto."

"Mshukuru Mungu haikulipuka, mzee, na uombe radhi kwa mkeo."

Milimita akaiacha huko. Akapita nyumbani, akachomoa pima maji ya mbao nyuma ya kabati, akaigeuza mara mbili juu ya meza kuhakikisha, na saa tisa na dakika kumi alikuwa mlangoni kwa mama mkwe, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona peke yako? Kwema?"

"Kwema, mama. Nilikuwa naomba kuliona bafu."

Uso wa mama ukabadilika kidogo. "Bafu halina neno. Kaa kwanza, upumzike."

"Nakuomba, mama."

Akamtangulia kwa mkongojo, polepole, na alipofungua mlango akasimama mbele yake kama mtu anayeficha vyombo vichafu. Milimita akaona. Pale mlangoni palikuwa na shuka kuukuu lililokunjwa na kubanwa ukutani, limelowa. Pembeni yake kiti cha plastiki, miguu yake imefungwa vitambaa kisiteleze. Dirishani kulikuwa na kipakiti cha vidonge.

"Hilo shuka huwa naliondoa mkeo akija," mama akasema upesi. "Asije akafikiri vibaya kazi yako."

"Na hivi vidonge, mama?"

"Aa, hivyo ni vya kizunguzungu." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejifanyia mzaha. "Nilimwambia daktari kwamba tangu nipasuliwe naona vitu vimekwenda upande. Naona maji yanapanda. Akaniuliza kama naanguka, nikamwambia bado. Akanipa hivyo, asubuhi na jioni. Vinanilaza sana, lakini ndiyo uzee."

Maneno yote aliyoyapanga Milimita njiani, ya betri na ya miezi saba na ya mgongo wa simu, yalimpotea. Alipiga magoti, akalitoa lile shuka, akakausha vigae kwa shati lake mwenyewe kwa sababu hakuona kitambaa kingine. Akachota maji kwa kopo, akamwaga taratibu, katikati ya bafu, karibu na tundu.

"Mama," akasema, "hebu nitazamie. Yanakwenda wapi?"

Mama mkwe akasita. "Wewe ndiye fundi."

"Nakuuliza wewe."

Akaegemea mkongojo, akainama kadiri chuma kilivyomruhusu. Maji yalikusanyika, yakachagua njia, yakaanza kutambaa kuelekea miguu yake.

"Mimi naona yanakuja mlangoni," akasema kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi.

"Yanakuja mlangoni," Milimita akasema. "Simu ilikuwa mbovu, nami nikaiamini kuliko macho yako. Sakafu ndiyo iliyokwenda upande, mama. Wewe huna kizunguzungu. Leo naivunja, na daktari tutakwenda kumwona pamoja, nikamweleze mwenyewe."

Mama alikuwa bado anayatazama maji, yakimfikia vidole vya miguu, yakimpita. Akavuta kile kiti, akaketi, akaulaza mkongojo mapajani.

"Mwaga tena," akasema.